Sumaku inashika kwenye kona na kutu iko hapo hapo: je, kukunja kumeiua stenlesi?

Swali limetoka kwa fundi wa Tanga:

"Shikamoo mtaalamu. Nimefunga reli za ngazi na za baraza kwenye nyumba iliyo ufukweni. Paipu ni stenlesi ya aina ya 304, kipenyo milimita 38, nimezikunja mwenyewe bila moto kwa mashine ya karakana yangu. Haijafika miezi minne, kona zimetoa madoa ya kahawia. Yako pembeni na upande wa ndani wa kona, yamejipanga kama mistari. Penye kunyooka ni safi kabisa. Mteja kaja na sumaku, ikashika kwenye kona na ikakataa kwingine. Anasema nimemfungia feki na hamalizii hela yangu. Je, ni kweli kukunja kunaondoa ustenlesi? Mwenzangu ananishauri nizipashe kona moto wa gesi mpaka ziwe nyekundu, zirudi hali yake. Nifanyeje?"

Marahaba, fundi. Kabla ya yote, weka mtungi wa gesi mbali na hizo reli. Sababu nitaieleza, lakini ukisoma mstari huu mmoja tu utakuwa umeokoa sehemu kubwa ya kazi yako.

Mteja wako anakosea kuhusu sumaku, ila hakosei kuhusu kutu. Mambo hayo mawili yamekutana kwenye kona moja, na yeyote angedhani moja limezaa jingine. Tuyatenganishe.

304 ina kromiamu ya asilimia 18 hivi na nikeli ya asilimia 8 hivi. Kromiamu ndiyo inayozuia kutu: ikikutana na hewa au maji inajenga juu ya chuma utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu, na utando huo ukikwaruzwa hujijenga upya wenyewe. Nikeli kazi yake kubwa ni nyingine. Inawashikilia atomi katika mpangilio unaoitwa austenaiti, ambao sumaku haiushiki. Tatizo la 304 ni kwamba nikeli yake inatosha kwa shida, haina akiba. Ukiivuta au kuikunja bila moto, sehemu ya austenaiti inageuka martensaiti, mpangilio mgumu zaidi na unaoshika sumaku.

Kiasi kinachogeuka kinategemea mambo matatu: umevuta kwa kiasi gani, chuma kina mchanganyiko upi hasa, na joto la chuma lilikuwa ngapi wakati wa kukunja. Kama kona yako ina nusu kipenyo cha milimita 76 kupimwa katikati ya paipu, yaani mara mbili ya kipenyo cha paipu, uso wa nje umevutwa kwa asilimia 25: gawanya 19 kwa 76. Huo ni mvuto mkubwa. Kuhusu joto, tangu mwaka 1954 ipo kanuni ya mtafiti Angel inayokadiria nyuzi ambazo mvuto wa takriban asilimia 30 hugeuza nusu ya chuma kuwa martensaiti. Nikiiwekea viwango vya kawaida vya 304 napata karibu nyuzi 24 za Selsiasi. Nikiiwekea vya 316, aina ya stenlesi inayohimili chumvi zaidi, inashuka hadi karibu na sifuri. Maana yake ni kwamba joto la Tanga limekusaidia. Kona hiyo hiyo ikikunjwa kwenye karakana ya Ulaya mwezi Januari, sumaku ingeng'ang'ania zaidi.

Kwa hiyo sumaku kushika kwenye kona na kuachia kwenye kunyooka si dalili ya feki. Ndivyo 304 halisi inavyofanya ikikunjwa. Mpeleke mteja jikoni kwake: kama ana sinki la stenlesi la 304 lililoumbwa kwa kukandamizwa, sumaku itashika kwenye pembe zenye kina na itateleza kwenye sehemu bapa. Au mwonyeshe kichwa cha boliti. Boliti ya stenlesi iliyoandikwa A2-70 ni ya jamii ya 304, na hiyo 70 inasimamia nguvu ya megapaskali 700, ambayo imepatikana kwa kukifua chuma kikiwa baridi. Nyingi zinaivuta sumaku kidogo na hakuna anayeziita feki. Hata mshono wa paipu yako, ule uliochomelewa kiwandani kwa urefu wake wote, unaweza kuivuta kidogo kwa sababu nyingine tofauti.

Kinyume chake pia ni kweli, na hapa wengi wanaibiwa. Sumaku haiwezi kukutofautishia 304 na 201. Hiyo 201 ni stenlesi ya bei nafuu ambamo nikeli nyingi imeondolewa ikabaki asilimia 3.5 hadi 5.5, na pengo likazibwa kwa manganizi ya asilimia 5.5 hadi 7.5. Ikiwa imenyooka nayo haishiki sumaku, inang'aa vilevile, na kando ya bahari haina lake. Ukitaka uhakika, ipo dawa ya matone inayotumiwa na betri ndogo ya volti 9, ambayo hugeuka nyekundu ikikuta manganizi nyingi. Bora zaidi ni kipimo cha bunduki ya eksirei, kinachosoma kromiamu, nikeli na manganizi kwa sekunde chache. Wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu na maabara za ukaguzi huwa nayo. Kipande kilichobaki karakanani kinatosha, huna haja ya kung'oa reli. Mdai pia aliyekuuzia cheti cha kiwanda chenye namba ya mchanganyiko.

Tuje kwenye swali lenyewe: kona iliyokunjwa inapata kutu kirahisi zaidi?

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kukunja hakuondoi hata chembe ya kromiamu. Austenaiti inapogeuka martensaiti, kila atomi inasogea umbali mdogo kuliko nafasi iliyopo kati yake na jirani yake. Ni kama safu za waumini msikitini zinaposogea nusu hatua kuziba pengo: mpangilio umebadilika, lakini kila mtu bado yuko na jirani yule yule. Asilimia 18 ya kromiamu iliyokuwepo kabla ya kukunja ipo baada ya kukunja, imesambaa vilevile, na utando unajengeka vilevile. Kwa hiyo anayesema martensaiti ya kwenye kona "ni chuma cha kawaida, lazima kioze" anakosea.

Sasa linganisha na moto wa mwenzako. Stenlesi yenye kaboni ya kawaida ikikaa kati ya nyuzi 450 na 850 hivi, kaboni inaikamata kromiamu na kujikusanya nayo kwenye mipaka ya fuwele. Ukanda mwembamba kando ya mipaka hiyo unabaki na kromiamu pungufu ya asilimia 12, na hapo utando haujengeki sawasawa. Kutu inapita humo kama njia iliyokwisha kufyekwa. Ukishika mpini wa gesi mkononi huwezi kukwepa kiwango hicho cha joto. Hata kama katikati ya kona umefika nyuzi 1,000, pembeni kuna mahali pana 700, na inapopoa polepole kwenye hewa kila sehemu inapita humo. Chuma kilichokwisha kukunjwa huharibika hivyo haraka zaidi kuliko ambacho hakijakunjwa. Ongeza na ngozi ya bluu na kahawia inayobaki juu, ambayo chini yake kuna tabaka lililonyang'anywa kromiamu.

Kibaya kuliko vyote ni kwamba ungedhani umefaulu. Moto huo ungeirudisha martensaiti kuwa austenaiti, sumaku ingeachia, mteja angefurahi, na reli ingeoza kwa kasi ambayo hujaiona. Njia halali ya kuirudisha ipo: tanuri, nyuzi 1,040 hadi 1,100 kwa kipande kizima, kisha kukitumbukiza majini haraka. Viwanda hufanya hivyo kwa vifaa vya kemikali. Kwa reli ya ngazi iliyokwisha kung'arishwa utaambulia paipu iliyopinda na kazi ya kusafisha upya. Sikushauri.

Nikisema kukunja hakuondoi kromiamu sisemi kwamba hakuna madhara. Yapo, na yanatofautiana kwa uzito.

Utando wenyewe juu ya chuma kilichovutwa sana huwa na dosari nyingi kidogo. Kwenye maji ya kawaida hutaona tofauti. Kwenye maji yenye kloraidi, yaani chumvi, vipimo vingi vya maabara vinaonyesha vishimo vya kutu vikianza mapema kidogo kadiri chuma kinavyovutwa, ingawa matokeo hayafanani kwa sababu kila mtafiti ana uso wake na mchanganyiko wake. Kwenye asidi kali kama ya salfuriki, martensaiti huyeyuka haraka kuliko austenaiti, lakini hilo ni la viwanda vya kemikali, si la baraza.

Zito zaidi kwako ni uso. Ndani ya stenlesi zote kuna chembe ndogo za salfaidi ya manganizi, na vishimo vingi huanzia hapo. Ukivuta chuma, chembe hizo hazivutiki sawa nacho, basi pembeni mwake hufunguka nyufa ndogo mno ambazo chumvi hujificha. Wakati huo huo uso wa nje wa kona hupoteza mng'ao na kuwa na vipele kama ganda la chungwa. Kando ya bahari ulaini wa uso una uzito karibu sawa na aina ya chuma chenyewe. Wataalamu hutaka ukwaru usiozidi mikrometa 0.5, yaani uso uliong'arishwa kweli. Kona yenye vipele inashika chumvi na vumbi, unyevu wa usiku unaviamsha, na asubuhi una madoa rangi ya chai.

Halafu kuna msongo unaobaki ndani ya chuma baada ya kukunja. Hapa ndipo ninapokuwa mkali hata kwa wateja wangu wa viwandani. Mvuto uliobaki ukikutana na kloraidi na joto, stenlesi ya 304 au 316 inaweza kupasuka ghafla bila kuonyesha kutu ya maana nje. Kwa kawaida hatari huanza chuma kikizidi nyuzi 50 au 60, na nikeli ya karibu asilimia 8, ile ile ya 304, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote kwa jambo hili. Reli yako iko salama, haifiki joto hilo wala haibebi mzigo mkubwa. Lakini fundi yule yule anayekunja reli hutengeneza pia matangi ya maji ya moto ya jua juu ya mapaa, na huko kuna joto, kuna kloraidi ya maji ya kisima, kuna kona zilizokunjwa. Usidhani pia kwamba mvuto unabaki upande wa nje uliovutwa. Paipu inaporudi nyuma kidogo ukiiachia, kwa hesabu ya kawaida ya kukunja ni uso wa ndani wa kona unaobaki ukivutwa. Watu hukagua upande usio wenyewe.

Na usiweke kamwe stenlesi ya kawaida kubeba dari juu ya bwawa la kuogelea la ndani. Mwezi Mei 1985, mjini Uster huko Uswisi, dari la zege lililoning'inizwa kwa vyuma vya stenlesi juu ya bwawa liliwaangukia watu, wakafa 12. Jengo lilikuwa na umri wa miaka 13. Vyuma vilikuwa vimepasuka kwa namna hii hii, kwenye joto la kawaida la chumba, kwa sababu mvuke wa bwawa lenye klorini huacha juu ya chuma chumvi kali ambazo hakuna anayeziosha.

Turudi kwenye kona zako. Umeniambia jambo ambalo kwangu linatosha karibu kumaliza kesi: madoa yamejipanga kama mistari, pembeni na ndani ya kona. Kama yangetokana na uso kuvutika, yangetapakaa upande wa nje, penye vipele. Mistari ya pembeni na ndani iko mahali ambapo mfereji wa mashine, ule unaoikumbatia paipu wakati wa kukunja, uliibana. Nadhani mashine hiyo hiyo unakunjia paipu nyeusi. Mfereji wake umejaa chembe za chuma cha kawaida, na ulipoibana stenlesi ukazikandamiza ndani ya uso. Chembe hizo zinaoza ndani ya siku chache, na kutu yake inaziba hewa isifike kwenye utando ulio chini, basi baadaye stenlesi yenyewe nayo inaanza kutoboka. Kukunja kumehusika, ndiyo, ila kwa njia ya uchafu wa mfereji. Diski ya grenda iliyokwisha kugusa chuma cha kawaida na stilwaya ya kusugulia sufuria huleta msiba huo huo.

Unaweza kuthibitisha kwa mrututu, ule unaouzwa kwenye maduka ya dawa za kilimo. Kunja kipande kingine kwa mashine ile ile, kioshe mafuta kwa sabuni, kisha kipake maji ya mrututu yaliyotiwa asidi ya salfuriki kidogo, kibaki kimelowa kwa dakika 6. Penye chembe za chuma huru patageuka rangi ya shaba. Fanya kwenye kipande cha majaribio, si kwenye reli ya mteja, na usifanye kabisa kwenye chombo cha chakula.

Kusafisha ni hivi. Osha kona kwa sabuni na maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya kisima cha pwani mara nyingi yana chumvi, tumia ya bomba au ya mvua. Sugua kwa msasa mpya ambao haujagusa chuma kingine, anza namba 120 kama kutu imezama, kisha 240, kisha 400, mikwaruzo yote ielekee upande mmoja, halafu ng'arisha. Baada ya hapo koroga unga wa asidi ya sitriki, gramu 70 hadi 100 kwa lita moja ya maji, lowesha kitambaa, kifunge kwenye kona na usikiache kikauke. Viwango vya Marekani vinataka angalau dakika 20 chuma kikiwa kati ya nyuzi 21 na 49, na Tanga unazo nyuzi hizo bila kupasha kitu. Mimi huacha hadi saa nzima. Suuza sana, kausha. Sitriki inaondoa chembe za chuma na kuuacha utando ujijenge vizuri.

Watakuambia kuhusu dawa ya kupaka ya kusafishia alama za kuchomelea. Inafanya kazi haraka na kwa nguvu, lakini nyingi zina asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi bila maumivu ya mwanzoni na kwenda kula kalsiamu ya mwili. Bila glovu zinazofaa, miwani, na jeli ya kalsiamu glukoneti karibu, usiifungue. Kwa kona zako huihitaji.

Muulize mteja pia kama mafundi wa vigae waliosha sakafu kwa asidi baada yako, au kama mfanyakazi anapangusa reli kwa jiki. Asidi ya kuoshea vigae ni ya haidrokloriki, na mvuke wake peke yake unatosha kuichafua stenlesi iliyo karibu. Nimeona reli nzuri zikilaumiwa kwa kosa la mtu wa vigae.

Kwa kazi zijazo nunua au chonga mifereji ya mashine kwa ajili ya stenlesi tu, ya shaba ya alumini au ya nailoni ngumu, na usiruhusu paipu nyeusi iiguse. Kama pesa haipo bado, safisha mfereji na uizungushie paipu plastiki nene kabla ya kubana. Ongeza nusu kipenyo cha kona inapowezekana: ukitoka milimita 76 kwenda 114, mvuto wa nje unashuka kutoka asilimia 25 hadi chini ya 17, na vipele vinapungua. Na usichomelee juu ya kona. Chomelea penye kunyooka, kwa paipu iliyoandikwa herufi L, ambayo kaboni yake haizidi asilimia 0.03.

Hata hivyo, fundi, kuna sehemu ya kesi hii ambayo ni yako. 304 si chuma cha ufukweni. Hata usingeikunja, hata mashine ingekuwa safi kama sahani, baada ya mwaka ungeanza kuona madoa ya chai, hasa chini ya reli na kwenye baraza lenye paa ambako mvua haifiki kuosha chumvi. 316 ina molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3, na kwa kipimo kinachotumika kulinganisha uwezo wa kuhimili vishimo inapata karibu 24 pale 304 inapopata 18 au 19. Tena inageuka martensaiti kidogo sana ikikunjwa. Nayo inahitaji kuoshwa kwa maji baridi kila baada ya wiki chache, na hilo liandikwe kwenye makubaliano.

Kwa mteja huyu ningependekeza umsafishie kona bure, umwonyeshe cheti au kipimo kwamba ni 304 kama mlivyokubaliana, na umweleze kwa maandishi kwamba mahali pale panahitaji kuoshwa mara kwa mara. Kama aliomba 304 kwa sababu ya bei baada ya wewe kumtajia 316, deni lake libaki pale pale. Kama hukumtajia, mpunguzie kitu. Na ukiwa hapo angalia boliti za vikanyagio na nguzo: kama ni A2, zibadilishe ziwe A4, yaani za jamii ya 316. Bei yake ni ndogo, na ndizo zitakazofuata kutoa machozi ya kahawia ukutani.